Iain Macleod: waziri wa Conservative aliyeharakisha uhuru wetu alikuwa mtu wa namna gani?

MwanachuoMoro ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Wazee wangu, shikamooni.

Naandika tasnifu kuhusu miaka miwili ya mwisho kabla ya Uhuru wa Tanganyika, na kila ninaposoma nakutana na jina la Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia Oktoba 1959 hadi Oktoba 1961. Mwanzoni mwa 1959 wakubwa wa London walikuwa wakifikiria Tanganyika ipate uhuru mnamo 1970, na Kenya na Uganda zisubiri mpaka 1975 au baadaye. Haikupita hata miaka mitatu, bendera yetu ikapanda tarehe 9 Desemba 1961.

Kinachonitatiza ni hiki. Macleod alikuwa mtu wa Conservative, chama cha malodi na wenye mashamba. Marafiki wa TANU kule Uingereza walikuwa zaidi upande wa Labour. Sasa mhafidhina anakuwaje ndiye wa kukimbiza mambo? Aliamini anachofanya au alibanwa tu? Na kama alikuwa hodari kiasi hicho, kwa nini hakuwahi kuwa Waziri Mkuu?

Vitabu vyetu vya shule vinamtaja kwa mstari mmoja kisha vinaendelea na Nyerere. Ningeomba sana waliofundisha historia au waliosoma kumbukumbu za Bunge la Uingereza wanisaidie.

---

KijanaWaKangemi amejibu:

Ndugu yangu, chunga usije ukampa mtu sifa za wengine. Uhuru wa Kenya ulilipiwa msituni na kizuizini. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo kambini Hola, na serikali ikajaribu kusema walikufa kwa maji waliyokunywa. Dunia ilipojua ukweli, Uingereza ikaaibika. Macleod aliingia ofisini miezi saba baadaye akiwa amekabidhiwa aibu hiyo.

Na kwenu Tanganyika, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa Agosti 1960. Waziri gani angeweza kuzuia hilo? Andika tasnifu yako, lakini mlango ulisukumwa na waliokuwa nje. Aliyekuwa ndani alichofanya ni kuondoa komeo usivunjwe.

---

MwalimuMstaafu amejibu:

Mwanachuo, marahaba. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na Macleod nimemfuatilia kwa miaka mingi kwa sababu ni mmoja wa wanasiasa wachache wa Uingereza ambao sahihi zao zilifika mpaka vijijini kwetu. Nitaandika kirefu, univumilie.

Alizaliwa Novemba 1913 katika mji wa Skipton, Yorkshire, lakini wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uskochi. Baba yake alikuwa daktari. Hakuwa mtoto wa lodi wala mrithi wa ardhi, na hilo utaliona likimrudia mwishoni. Alisoma historia Cambridge, akaenda London, na huko riziki yake kubwa ilitokana na karata. Alicheza bridge kwa fedha usiku kucha, akafika kuichezea timu ya England. Naomba usiliruke jambo hili unapoandika. Katika bridge mtu hukumbuka kila karata iliyokwisha kuchezwa, hukisia zilizobaki ziko mkononi mwa nani, na hatupi karata yake kubwa kuokoa mzunguko uliokwisha kumpotea. Maadui zake waliujua mchezo huo, na walikuja kuutumia dhidi yake.

Vita vilimjeruhi mguu Ufaransa mwaka 1940. Juni 1944 alirudi huko na majeshi yaliyotua Normandy. Baadaye ugonjwa wa uti wa mgongo ukamkaza shingo na mgongo. Miaka yake yote ya uwaziri aliishi na maumivu.

Siasa alizianza kwa kushindwa: mwaka 1945 aligombea jimbo la Western Isles, nyumbani kwa wazazi wake, akashika mkia. Chama kikamwajiri afanye utafiti pamoja na vijana wenzake wawili, Enoch Powell na Reginald Maudling. Yaandike majina hayo pembeni. Mwaka 1950 akapata ubunge wa Enfield West. Machi 1952 alisimama bungeni akamkabili Aneurin Bevan, mwanzilishi wa huduma ya afya ya taifa, kwa tarakimu na kwa ulimi mkali. Churchill, aliyekuwa anataka kutoka, alibaki akisikiliza. Wiki chache baadaye kijana huyo aliteuliwa Waziri wa Afya bila kupitia hata unaibu. Mwaka 1954 ndiye aliyesimama mbele ya waandishi kuwaambia Waingereza kwamba sigara na saratani ya mapafu vina uhusiano. Kuanzia Desemba 1955 akawa Waziri wa Kazi, akasimama imara dhidi ya mgomo wa mabasi ya London mwaka 1958. Kwa hiyo alipopewa Makoloni hakuwa mtu laini. Wenye chama walimwona kama mmoja wa watu wao wagumu.

Hapo ndipo nakuja kwenye swali lako. Waziri Mkuu Harold Macmillan alimteua Oktoba 1959, baada ya kushinda uchaguzi kwa wingi mkubwa wa viti. Macleod alikuwa hajawahi kukanyaga koloni hata moja, ingawa alikuwa na ndugu wa tumbo moja aliyekuwa mkulima mlowezi Kenya. Mezani alikuta mambo mawili. La kwanza ni Hola, ambalo KijanaWaKangemi amelieleza. La pili ni ripoti ya Jaji Devlin ya Julai 1959 kuhusu Nyasaland (Malawi ya leo), iliyosema kwamba nchi ile ilikuwa imegeuka, japo kwa muda, dola ya kipolisi. Jaji wa Kiingereza kuyaandika maneno hayo juu ya utawala wa Kiingereza halikuwa jambo dogo.

Ongeza na hesabu ya askari. Uingereza ilikuwa inafuta utaratibu wa kuwaita vijana jeshini kwa lazima. Wa mwisho waliitwa mwaka 1960. Bila vijana hao, nani angekwenda kuilinda Kenya, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika kwa wakati mmoja? Ufaransa ilikuwa inazama Algeria mbele ya macho yao. Macleod alikuwa ametoka Wizara ya Kazi, na mambo ya watu na idadi zao aliyajua vizuri.

Basi, aliamini au alibanwa? Mimi nasema alibanwa kama wenzake wote walivyobanwa, ila yeye aliamua mapema kuliko wao, na uamuzi huo ni wa kwake. Mwaka 1964, akiwa nje ya serikali, aliandika wazi kwamba ni kweli aliongeza mwendo kwa makusudi, na kwamba njia nyingine yoyote ingeleta umwagaji mkubwa wa damu Afrika. Hakujificha nyuma ya matukio. Tena alifanya hivyo akiwa mhafidhina kabisa, hakujigeuza. Mwaka 1950 yeye na wabunge wenzake walikuwa wameunda kundi la One Nation ndani ya chama, kundi lililoamini kwamba ukitaka kulinda kilicho muhimu lazima ukubali kubadilisha kisichoweza kudumu. Utawala wa gavana haukuweza kudumu. Biashara, Jumuiya ya Madola, bunge la mtindo wa Westminster na mali za watu wao vingeweza. Aliachia cha kwanza ili hivi vya pili vibaki. Ukiandika kwamba alikuwa mkombozi utakosea, na ukiandika kwamba alikuwa mwoga aliyekimbia utakosea vilevile.

Sasa mtazame kazini. Mkutano wa Kenya ulifunguliwa Lancaster House, London, Januari 1960, siku chache tu baada ya hali ya hatari kuondolewa rasmi. Upande wa Waafrika kiongozi alikuwa Ronald Ngala, katibu Tom Mboya, na mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Walowezi walikuja wamegawanyika: Michael Blundell na kundi lake lililokuwa tayari kwa mazungumzo, na Group Captain Briggs na wenzake waliokataa katakata. Mkutano ulikwama tangu mwanzo, kwa sababu Waafrika walitaka Peter Mbiyu Koinange aruhusiwe kuwa mshauri wao na walowezi hawakutaka hata kumwona. Macleod hakulazimisha. Aliwaacha wakakaa nje mpaka njia ikapatikana.

Kisha akaweka mezani mpango wake: viti 65 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, kati yake 33 vikiwa wazi kwa yeyote bila kujali rangi, katika nchi ambayo wapiga kura wengi ni Waafrika. Piga hesabu mwenyewe: 33 ni zaidi ya nusu ya 65. Hakuhitaji kuyatamka maneno kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika. Hesabu ilitamka. Waafrika walikubali, Blundell akakubali, Briggs akakataa. Blundell aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimtupia vipande thelathini vya fedha uwanja wa ndege, kama vile vya Yuda.

Wakati mkutano ukiendelea, Macmillan alihutubia Cape Town tarehe 3 Februari 1960, ile hotuba ya upepo wa mabadiliko. Wengi hukumbuka hotuba. Mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wakumbuke zile namba 33 na 65, kwa sababu upepo hauna kiti katika baraza.

Nyasaland alipambana na wenzake wa baraza la mawaziri kuhusu Dokta Banda, kiongozi wa Waafrika wa huko, aliyekuwa amefungwa Gwelo. Sir Roy Welensky, aliyeongoza Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, alitaka Banda abaki ndani mpaka tume ya Monckton iliyokuwa ikichunguza mustakabali wa shirikisho iondoke. Macleod alikuwa tayari kujiuzulu kwa jambo hilo. Banda alitoka tarehe 1 Aprili 1960, tume ikiwa bado ipo.

Na Tanganyika? Hapa, Mwanachuo, ndipo tasnifu yako inapoweza kuongeza kitu. Kwa Tanganyika haikuhitajika mikutano mirefu ya London. Macleod alikuja mwenyewe Dar es Salaam mwishoni mwa Machi 1961, wakakaa na Nyerere, wakati huo Waziri Kiongozi, na Gavana Sir Richard Turnbull, pale ukumbi wa Karimjee. Siku chache zilitosha. Walikubaliana madaraka ya ndani yaanze tarehe 1 Mei 1961 na uhuru uwe tarehe 28 Desemba. Baadaye tarehe ikarudishwa nyuma kuwa 9 Desemba. Jambo lililokuwa limepangiwa 1970 lilimalizwa kwa kikao kifupi kuliko kile cha Kenya kilichojadili viti tu. Kwa nini? Kwa sababu Nyerere alikuwa na chama kimoja nyuma yake, walowezi walikuwa wachache, na Turnbull alikuwa amekwisha kuona kwamba akichelewa atahitaji askari ambao hana. Macleod alikuta karata zote zimelala wazi. Usimnyime sifa ya kuzisoma, lakini aliyezipanga ni TANU.

Kuhusu Kenyatta, Gavana Renison alisema Mei 1960 kwamba ni kiongozi wa giza na mauti. KANU ikashinda uchaguzi wa Februari 1961 kwa viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, ikakataa kuunda serikali mpaka mzee atoke. Alirudi Gatundu Agosti 1961, Macleod akiwa bado ofisini. Hapo sioni ujasiri mkubwa; hapo alichelewa.

Swali lako la mwisho, kwa nini hakuwa Waziri Mkuu, jibu lake limefungamana na hayo yote. Tarehe 7 Machi 1961 Lodi Salisbury, mtu mzito sana chamani, alisimama katika Baraza la Malodi akamwita mjanja kupita kiasi, akasema Macleod amewachezea Wazungu wa Afrika kama wapinzani wa mezani katika bridge, ambako kumzidi mwenzako akili si dhambi. Maneno hayo yalimganda. Oktoba 1961 Macmillan alimtoa Makoloni, akampa uenyekiti wa chama na uongozi wa shughuli za serikali bungeni, na nafasi yake ikachukuliwa na Maudling, yule mwenzake wa zamani. Kwa cheo hakushuka. Lakini wahafidhina wa mrengo wa kulia walikuwa wamekwisha kumfutia jina.

Macmillan alipojiuzulu Oktoba 1963, wakubwa wa chama waliulizana wenyewe kwa wenyewe, wakampendekeza Lodi Home. Macleod alikataa kuhudumu chini yake, na Powell akakataa pia. Akaenda kuhariri gazeti la The Spectator, na Januari 1964 akaandika humo jinsi kikundi kidogo, karibu wote waliosoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kilivyopitisha uamuzi nyuma ya pazia. Chama hakikumsamehe kirahisi. Wao walikuwa watu wa Eton na yeye alikuwa mtoto wa daktari wa Skipton. Hata hivyo alirudi mstari wa mbele, akawa msemaji mkuu wa fedha, na Conservative waliposhinda Juni 1970 Edward Heath akamfanya Waziri wa Fedha. Alidumu mwezi mmoja. Alifariki tarehe 20 Julai 1970 nyumbani kwake namba 11 Downing Street, akiwa na miaka 56. Mimi naamini Uingereza ilipoteza kichwa bora kuliko vyote katika serikali ile.

---

BintiWaNgara amejibu:

Mwalimu, asante. Naomba niongeze jambo ambalo nyumbani kwetu lilimfanya Macleod awe jina linalotajwa kwa heshima. Sisi ni Wahindi wa mtaa wa Ngara, Nairobi.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, watu wetu walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi hawakuomba, au waliomba wakachelewa, na wakabaki na pasipoti za Uingereza walizopewa kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1967 Kenya ikatunga sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na wasio raia wakaona maisha yanafungwa. Wakaanza kupanda ndege kwenda London. Serikali ya Labour ya Harold Wilson, na James Callaghan akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ikapitisha mswada kwa siku chache tu mwishoni mwa Februari 1968: mwenye pasipoti ya Uingereza lakini asiye na mzazi wala babu aliyezaliwa kule hana tena haki ya kuingia. Vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia, basi. Babu yangu alikuwa na pasipoti mkononi na nchi hana.

Wakubwa wa Conservative waliunga mkono. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati wa uhuru wa Kenya, alisema hapakuwa na ahadi yoyote kwetu. Macleod akamjibu hadharani kwa barua katika The Spectator. Aliandika kwamba ahadi ilikuwepo, kwamba alitoa neno lake, alikusudia kulitoa, na anataka kulitimiza. Akapiga kura kuupinga mswada pamoja na wabunge wachache wa chama chake.

Kura ile haikumletea chochote. Wapiga kura wake wa Enfield hawakuwa Wahindi wa Ngara. Mwanachuo anauliza mhafidhina ni mtu wa namna gani. Kwa babu yangu, mhafidhina ni yule aliyesema dola ikitoa neno lazima ilishike, hata kama waliopewa neno ni watu wasiopendwa.

---

KijanaWaKangemi amejibu:

Dada, hilo la 1968 nalikubali na namheshimu kwalo. Lakini Mwalimu ameandika kirefu na ameruka jambo ambalo mimi siwezi kuliruka: majalada.

Mei 1961, mwezi uleule Tanganyika inaanza madaraka ya ndani, Wizara ya Makoloni ikiwa chini ya Macleod ilitoa maelekezo kwa magavana. Serikali mpya zisirithi karatasi yoyote inayoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi na wapelelezi, au kufichua vyanzo vya ujasusi, au kutumiwa vibaya na mawaziri wapya. Majalada mengine yakasafirishwa Uingereza, mengine yakachomwa. Kulikuwa na maelekezo mpaka ya namna ya kuponda majivu, na ya kufunga makaratasi katika masanduku mazito na kuyazamisha kwenye maji ya kina kirefu mbali na pwani.

Wazee wetu wa Mau Mau walipokwenda mahakamani London, ndipo mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ina maelfu ya majalada kutoka makoloni 37 ya zamani, yamefichwa Hanslope Park. Miongoni mwa waliofungua kesi alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika Hola. Juni 2013 wakalipwa, watu 5,228, jumla ya pauni milioni 19.9. Miaka hamsini na zaidi wazee wanaambiwa hawana ushahidi, na ushahidi uko ghalani.

Mtu anayetoa uhuru kwa mkono mmoja na kuficha kumbukumbu kwa mkono mwingine, tumwiteje?

---

MwalimuMstaafu amejibu:

Kijana wangu, umesema kweli, na sitamtetea. Hapo hapana utetezi. Waliokufa Hola walikuwa wamekwisha kufa; kilichobaki kwao ni ukweli wao kuandikwa, na maelekezo yale yaliwanyima hata hicho.

Ila naona mkono ni uleule mmoja. Nimesema alikuwa anaachia utawala ili vitu fulani vibaki. Miongoni mwa vitu alivyotaka vibaki ni heshima ya dola yake na usalama wa watumishi wake. Mtazame Macleod wa Lancaster House, Macleod wa maelekezo ya Mei 1961 na Macleod wa kura ya 1968: kila mara analinda jina la Uingereza. Mwaka 1968 kulilinda kulimaanisha kutimiza ahadi, na Wahindi wa Kenya wakafaidi. Mwaka 1961 kulilinda kulimaanisha kuficha, na wazee wa Mau Mau wakaumia. Kwake uaminifu ulikuwa kwa nchi yake kwanza. Akina Nyerere na Mboya nao walikuwa waaminifu kwa nchi zao kwanza, ndiyo maana waliweza kukaa naye meza moja na kuelewana haraka.

Umenikumbusha pia Enoch Powell. Julai 1959 Powell alitoa hotuba kali bungeni kuhusu Hola, akiikaripia serikali ya chama chake mwenyewe, akisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Miaka tisa baadaye, Aprili 1968, Powell huyohuyo alihutubia Birmingham dhidi ya wahamiaji, na Heath, aliyekuwa kiongozi wa chama, akamfukuza kwenye baraza kivuli siku iliyofuata. Macleod alikuwa miongoni mwa waliokataa kabisa kuendelea kukaa naye. Urafiki wa tangu ile ofisi ya utafiti ukaishia hapo. Wahafidhina wawili wa idara moja, na njia mbili. Ukipata nafasi katika tasnifu, walinganishe.

---

MwanachuoMoro amejibu:

Mwalimu, Dada, Kijana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho, samahanini: Macleod alikuwepo Dar usiku wa Uhuru? Na ningeanzia wapi kuhusu hayo majalada?

---

MwalimuMstaafu amejibu:

Usiku ule wa Desemba hakuwa tena na wizara hiyo. Maudling ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni tangu Oktoba, na aliyemwakilisha Malkia alikuwa mumewe, Prince Philip.

Kuhusu majalada: yale ya Hanslope Park sasa yamepelekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, chini ya alama FCO 141, yakiwa yamepangwa nchi kwa nchi. Barua za kawaida za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki ziko chini ya CO 822. Anza na CO 822 ya Januari hadi Mei 1961 ili uone walivyokuwa wakiandikiana na Turnbull kabla na baada ya kikao cha Karimjee. Kisha fungua FCO 141 ya Tanganyika, uangalie ni mambo gani ya miezi hiyohiyo waliona hayafai Nyerere ayaone. Orodha unaweza kuitafuta kwenye tovuti yao bila kusafiri. Ukipata kitu, tuletee hapa.